Mlingoti wa Kaisari Hauoti Majani

Msomaji akiitafuta nchi hii kwenye ramani hataiona, na akiiona, basi kosa ni la mchora ramani, si langu. Ni visiwa kumi na kimoja vilivyo mbali na kila mahali isipokuwa pale vilipo. Sisi wenyeji tulikuwa tukiviita Hapa, kwa sababu tulikuwa hapa. Wadachi walipofika wakatuuliza jina la nchi, tukawaambia. Wakaona jina letu ni fupi mno kwa karatasi yao, wakaandika: Himaya ya Kaisari ya Visiwa vya Kaskazini mwa Kusini. Tukashukuru. Si kila mtu hupewa jina refu bila kuliomba.

Himaya maana yake ni ulinzi. Wazee wetu wakauliza, kwa adabu, wanalindwa dhidi ya nani. Kamanda wa meli akawajibu kupitia mkalimani wake, mtu wa kwetu aitwaye Faki, ambaye alikuwa mchochea moto melini na huko akajifunza maneno mia moja ya Kidachi, themanini yakiwa amri.

"Anasema anawalinda dhidi ya Waingereza, Wafaransa na wengine wote wanaotaka kuja kuwalinda," akasema Faki.

Wazee wakatazamana. Hawakuwahi kumwona Mwingereza hata mmoja, wala Mfaransa. Wakakubaliana kwamba ulinzi umekwisha kuanza kufanya kazi.

Kisha Wadachi wakachimba shimo karibu na ufuko, wakasimika mti mrefu uliochongwa na kupakwa rangi nyeupe, na juu yake wakatundika kitambaa. Hapo ndipo tulipofanya kosa letu.

Lazima nieleze desturi. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi unaoitwa kwa jina la mtoto huyo. Hukua naye. Siku mwenyewe akifa, mnazi hukatwa ukapasuliwa mbao, na mbao hizo ndizo kiunza chake, zile zinazowekwa juu ya maiti kaburini ili udongo usimwangukie usoni. Kwa hiyo haupandwi mti mrefu bila mtoto kuzaliwa, wala haukatwi bila mtu kufa na maiti yake kuonekana. Aliyepotelea safarini, mnazi wake huachwa. Maadamu umesimama, yu hai, na chakula chake hupakuliwa siku za sikukuu.

Wanawake wa mji walipouona ule mti mweupe, wakapika uji wakaja nao ufukweni. Mbele yao alitangulia Bi Siwatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, amembeba mgongoni mwanawe mchanga aitwaye Pandu.

"Hongereni," akasema Bi Siwatu. "Wa kiume au wa kike?"

Faki akamgeukia Kamanda. "Wanauliza mti huu ni wa nani."

"Wa Kaisari," akasema Kamanda.

"Ni wa Kaisari," akasema Faki.

"Mashallah. Ana siku ngapi?"

Kamanda akaeleza kwamba sikukuu ya kuzaliwa Kaisari ni mwezi ujao.

"Mwezi ujao!" Bi Siwatu akawageukia wenzake. "Kumbe hata kuzaliwa hajazaliwa! Haraka ya nini sasa?"

"Wageni hao, shoga," akasema mwenziwe. "Labda kwao huanza kwa kuchimba."

Wakamwonea mtoto huruma. Mti wake haukuwa na mizizi, haukuwa na jani, na waliompandia walikuwa wanaume watupu wasiojua hata kunyweshea. Wakapanga zamu, kila asubuhi mwanamke mmoja ampelekee ndoo ya maji. Kamanda akaandika kwao kwamba wenyeji wanaipenda bendera kiasi cha kuinywesha, akapandishwa cheo. Kwa miaka thelathini hatukukosa siku hata moja, na mlingoti haukuota jani.

*

Miaka ya mwanzo ulinzi ulikuwa mwepesi. Kisha Ulaya wakagundua kwamba nazi ikikaushwa huwa mbata, mbata ikikamuliwa hutoa mafuta, na mafuta hayo hufaa kwa sabuni. Wadachi ni watu wanaopenda usafi. Akaletwa Msimamizi wa Kifalme wa Unyoofu, Bwana Dokta Stolzenbach, pamoja na kamba ya katani yenye urefu wa hatua elfu moja iliyowekwa kwenye kasha lake lenyewe lenye kufuli. Sisi tulimwita Bwana Kamba. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na hakuwa mtu wa hasira. Hilo nalisema kwa kumtendea haki. Alichapa watu kama mtu anayepiga pasi nguo.

Alituita sote ufukweni akatuhutubia. Faki akafasiri, na kwa kuwa sasa maneno yake yalikuwa yamefika mia mbili, alifasiri vizuri.

"Nimevizunguka visiwa hivi kwa siku tatu na moyo wangu umeumia. Minazi yenu imesimama kama walevi waliotoka harusini. Mmoja hapa, mmoja pale, mwingine umeziba mlango wa nyumba! Mti usio kwenye mstari hauhesabiki, na kisichohesabika hakiwezi kulindwa. Leo Kaisari anawapa zawadi ambayo babu zenu hawakuijua. Anawapa mstari ulionyooka."

Tukapiga makofi, maana askari walikuwa nyuma yetu.

Kamba ikafungwa kwenye mlingoti ikavutwa mpaka upande wa pili wa kisiwa, kisha ikahamishwa hatua tisa, ikavutwa tena, na tena. Mnazi ulioguswa na kamba ulipona. Usioguswa ulikatwa. Kwa mwezi mmoja ilikatwa minazi ya watu mia mbili na kumi na sita, na wote mia mbili na kumi na sita walikuwa hai, wengine wamesimama pale pale wakitazama.

Kesho yake barabara ya serikali haikupata wafanyakazi. Bwana Kamba akaenda mwenyewe majumbani. Akamkuta mtu mmoja aitwaye Vuai amelala kibarazani amejifunika shuka mpaka kichwani, na mkewe ndani amekaa eda.

"Kwa nini hukuja kazini?"

"Mimi nimekufa, bwana," akasema Vuai chini ya shuka. "Tangu Jumanne."

"Umekufa na unazungumza?"

"Ndiyo kwanza nimekufa, bwana. Bado sijazoea."

Bwana Kamba si mtu wa kupuuza jambo. Alirudi bomani akazisoma sheria zote za Himaya kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuona mahali popote palipoandikwa kwamba maiti ana ruhusa ya kutofika kazini. Vuai akapewa viboko hamsa ishirini, na wafu wenzake wakapewa kila mmoja hamsa ishirini yake. Katika ripoti ikaandikwa kwamba kiboko kimeonyesha uwezo wa kufufua. Nasi tukajifunza jambo ambalo hatukulijua: katika utawala wa watu walioendelea, hata kufa si udhuru.

Mwaka wa pili Vuai akafia barabarani, jiwe begani, akafa kweli. Tukatafuta kiunza chake hatukukipata, kwa kuwa mnazi wake ulikuwa umekwisha kuwa nguzo ya ghala la mbata. Tukamfunika kwa mkeka. Mkeka ukabonyea, udongo ukamwangukia usoni. Siku hiyo hakuna aliyemtania.

*

Vifo hivi vya watu wazima wenye afya vilimchosha Bwana Kamba. Akatoa amri mpya: mnazi wowote hautakatwa mpaka mwenyewe aje bomani atie kidole kwenye Hati ya Uhai, akikiri kwamba yu hai na kwamba atabaki hivyo baada ya mti kuanguka. Ilikuwa amri ya huruma. Watu waliletwa kwa mnyororo kuja kukiri uhai wao.

Ukabaki mnazi mmoja.

Ulikuwa wa Pandu, mtoto wa Bi Siwatu. Ulisimama nyuma ya jiko la mama yake, hatua mbili nje ya mstari upande wa bahari. Pandu mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, mkono wake wa kushoto umepinda kidogo kwa sababu alianguka kutoka juu ya mnazi huo huo akiwa mdogo. Kampuni moja ilikuwa imemchukua kwa mkataba wa miaka mitatu kwenda Kisiwa cha Mawe, safari ya siku tisa kwa meli, ambako kinyesi cha ndege kimelundikana tangu dunia kuumbwa mpaka kikawa jiwe. Watu wa kwetu walilichimba jiwe hilo, likapelekwa kunenepesha mashamba ya ngano Ulaya.

Bwana Kamba akafika nyuma ya jiko na Faki na kamba.

"Mwambie huyu mama mnazi wake umetoka nje ya mstari hatua mbili."

"Mwambie mnazi haujaenda popote," akasema Bi Siwatu. "Mstari wake ndio umepita mbali. Mnazi ulikuwapo kwanza."

"Mwambie mstari hauna kwanza wala baadaye. Mstari ni mstari."

"Faki mwanangu, huyu bwana ana mama?"

"Bi Siwatu, mimi hayo siyafasiri."

"Basi mwambie hili. Mwanangu yuko kwenye kazi ya Kaisari. Wakiukata, Kaisari atakuwa na maiti kazini, na maiti kwetu hula matanga ya siku arobaini. Nani atayalipia?"

Hilo Faki alilifasiri. Bwana Kamba akaanza kuikunja kamba yake. Sheria ilikuwa yake, na alikuwa mtu wa kuiheshimu sheria yake hata ilipomuuma. Bila kidole cha Pandu, hakuna shoka. Akaandikia Kampuni imlete Pandu atie kidole.

Jibu likaja baada ya miezi sita. Kampuni ilisikitika kwamba mfanyakazi hawezi kuachiliwa kabla ya mkataba wake kwisha.

Miaka mitatu ikapita. Akaandika tena. Kampuni ikajibu kwamba mkataba umekwisha, lakini umeongezwa, kwa kuwa mfanyakazi hakufika ofisini kuomba usiongezwe.

Miaka mitatu mingine ikapita, akaandika mara ya tatu. Kampuni ikajibu kwa heshima kwamba mfanyakazi aliyetajwa hayumo katika daftari lao la walio hai, wala hayumo katika daftari lao la waliokufa, na kwamba barua zijazo ziandikwe kwenye karatasi ya ukubwa uliokubaliwa.

Bwana Kamba akatafakari siku nzima. Halafu akaagiza kibao cha chuma kipigiliwe misumari kwenye mnazi. Bi Siwatu akakitazama.

"Kimeandikwa nini hicho, Faki?"

Faki akakohoa. "Kimeandikwa kwamba mnazi huu umeruhusiwa kwa muda. Maana yake mwanao yu hai kwa muda."

"Na wewe," akauliza Bi Siwatu, "uko hai kwa namna gani?"

Kila sikukuu alimpakulia Pandu sahani yake, akaiweka chini ya mnazi, akaifunika kwa kawa.

*

Asubuhi moja, katika mwaka wa thelathini wa ulinzi, mwanamke mwenye zamu alimwaga ndoo yake kama kawaida, na mlingoti ukaanguka. Ulikuwa umeoza chini kabisa. Mtu hawezi kunywesha ubao miaka thelathini akategemea vinginevyo.

Habari ikaenea kisiwa kizima kabla uji haujachemka: Kaisari amekufa, maskini, na hata jani moja hakulitoa. Wanawake wakajitanda, wanaume wakaweka mashoka begani, wakaelekea bomani kutoa pole. Bwana Kamba akatoka na kahawa yake mkononi akaona watu mia nne wanalia.

"Wanasemaje?"

"Wanakupa pole kwa msiba," akasema Faki. "Na wanauliza wapasue mbao za kiunza kwa kipimo gani. Kaisari ana urefu gani?"

Bwana Kamba akaangusha kikombe. Mjumbe wa kutoa pole alikuwa Bi Siwatu, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Alimshika mkono.

"Usilie, bwana. Wewe una bahati, umepata kujua. Wengine hatujui."

Akapigwa hamsa ishirini kwa uhaini, mama wa miaka hamsini na mitano. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba wamfunge kwenye mnazi wa mwanawe. Bwana Kamba akakataa, kwa sababu mnazi huo ulikuwa nje ya mstari.

Wiki mbili baadaye zikaja meli za kijivu zenye bendera nyingine. Kumbe Ulaya walikuwa wanapigana. Wadachi wakashuka bomani mikono juu. Bwana Kamba alipandishwa melini akiwa ametulia, akamkabidhi mkuu wa wageni ufunguo wa kasha, na yule akaupokea kwa saluti. Tukauliza kama sasa hatulindwi tena. Tukaambiwa tusiwe na hofu, tumekombolewa, na tutalindwa kwa bidii zaidi.

Wakasimika mlingoti wao. Shimo la zamani lilikuwa limejaa kisiki kilichooza ambacho hakikung'oka, wakaona uvivu, wakachimba jipya hatua mbili upande wa bahari. Kisha wakafungua kasha. Kamba ilikuwa nzima. Walibadilisha bendera, wimbo, salamu na aina ya kofia. Kamba waliiacha.

Bi Siwatu akafa wakati wa hao wa pili, akazikwa kwa kiunza chake, uso wake mkavu. Kabla hajafa alimshika bintiye aliyezaliwa baada ya Pandu, akamwambia, "Kaka yako akirudi mwonyesheni nilipo. Asirudi akakuta hana mti."

*

Sasa tuko huru. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nalalamika.

Tuna bendera yetu wenyewe, na mlingoti wetu si wa mti tena, ni wa chuma, msaada wa nchi rafiki. Tuna Waziri wa Urithi, Utalii na Unyoofu, Mheshimiwa Ngwali, ambaye ni kitukuu wa Faki yule mkalimani na anajua maneno mengi kuliko babu yake. Hakuna kiboko. Kuna faini. Minazi imepandwa na kupandwa tena kwenye mistari ya Bwana Kamba, na watalii huipiga picha. Watoto wanaozaliwa vitovu vyao huzikwa kwa kibali, ndani ya mstari, kwa zamu.

Mnazi wa Pandu ulikuwa bado umesimama. Wataalamu walisema mnazi hauwezi kuishi umri ule. Wataalamu hao hawakumjua Bi Siwatu. Uliangaliwa na kitukuu wake, Bi Zuwena, mama wa miaka sabini na miwili anayeuza maandazi, ambaye kila sikukuu huweka sahani chini yake na kuifunika kwa kawa.

Kisha mwaka mmoja ikatangazwa Sherehe ya Miaka Mia na Thelathini ya Uhusiano Mwema na Udachini. Balozi angekuja. Jukwaa likajengwa penye mlingoti, ili wageni wakikaa waone minazi imenyooka mpaka upande wa pili wa kisiwa. Walipokaa kujaribu viti, wakauona mnazi wa Pandu unachungulia pembeni. Sheria ya Hati ya Uhai haikuwahi kufutwa. Hakuna kidole, hakuna maiti, basi hakuna shoka.

Lakini Balozi hakuja mikono mitupu. Alileta kasha la mbao lililong'arishwa, na ndani yake kichwa cha mtu, mfupa mtupu, chenye namba 77 iliyoandikwa kwa wino kwenye paji la uso. Kilikuwa kimekaa katika kabati la chuo kimoja kwa zaidi ya miaka mia. Mheshimiwa Ngwali akamwita Bi Zuwena ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akaagiza chai.

"Mama yangu," akasema, "furaha iliyoje! Babu Pandu amerudi."

Bi Zuwena akakitazama kichwa. Hakuigusa chai.

"Kimetoka wapi?"

Balozi akasoma karatasi. "Kisiwa cha Mawe. Mwanamume. Hali nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

Balozi akasema kwamba serikali yake ina majuto ya kina. Waziri akamnong'oneza Bi Zuwena kwamba hiyo si kuomba radhi, kuomba radhi ni idara nyingine.

"Pandu mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda," akasema Bi Zuwena. "Nionyesheni mkono."

Balozi akatazama tena karatasi. "Mikono haikuhifadhiwa."

"Basi nitajuaje kama ni yeye?"

"Mama, hayo ni mambo madogo," akasema Mheshimiwa. "Weka kidole hapa kwamba ni Pandu. Mnazi utakatwa kwa heshima zote, atapasuliwa kiunza chake, atazikwa kama mtu. Wimbo wa taifa utapigwa."

"Na nisipoweka?"

Waziri akapanguza miwani yake. "Asiyejulikana hazikwi, kwa sababu za uhifadhi. Atarudi kabatini."

Bi Zuwena alikitazama kichwa mpaka chai ikapoa. Baadaye aliniambia alichokuwa anafikiri. Alifikiri kwamba huyu si Pandu, au labda ni yeye, lakini ni mtoto wa mtu. Alikuwa na mnazi mahali fulani, na mnazi huo ukakatwa au ukazeeka ukimngoja. Alifikiri kwamba Pandu naye amelala mahali asipojulikana, na huenda mama wa huko alimpa mbao zisizo zake. Mama yake Bi Zuwena na nyanya yake walimlinda Pandu miaka yote hiyo. Sasa yeye angemuua kwa kidole, ili mgeni asiye na jina apate kitu cha kuuziba udongo.

"Atapata kiunza?" akauliza. "Niapie."

"Naapa kwa bendera," akasema Mheshimiwa Ngwali.

Akaweka kidole.

Mnazi ukakatwa siku ile ile. Ulipoanguka, yeye alikuwa mtu wa pekee aliyelia. Usiku huo sahani ya Pandu iliwekwa kifudifudi.

Sherehe ilifana. Balozi alikabidhi zawadi yake ya pili, ambayo ni ile ile kamba ya katani, imefanyiwa ukarabati na kuwekwa ndani ya kioo. Mheshimiwa Ngwali alihutubia saa moja na nusu. "Leo," akasema, "mstari wetu umekamilika. Walioanza ni wageni, lakini waliomaliza ni sisi wenyewe! Huo ndio uhuru!" Tukapiga makofi. Safari hii hakukuwa na askari nyuma yetu, tumekwisha kuzoea.

Mpima ardhi mmoja wa serikali, kijana mwadilifu, akaweka chombo chake penye mlingoti ili apate picha ya kumbukumbu. Akapima, akapima tena. Akamwendea Waziri akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mlingoti wa chuma upo kwenye shimo la hao wa pili, hatua mbili kutoka lile la Wadachi, na kwamba ukiuvuta mstari kutoka hapo, mnazi mmoja tu katika kisiwa kizima ndio uliokuwa umenyooka, nao ni ule wa Pandu uliokatwa. Mpima ardhi huyo sasa yuko kisiwa cha kumi na moja, anapima mawimbi.

Ama kiunza, Bi Zuwena alienda kukidai siku ya tatu. Akaambiwa mbao za mnazi zilitumika kuimarisha jukwaa, maana Balozi alikuwa mtu mnene. Ama kichwa, kimewekwa katika makumbusho yetu ya taifa, kwenye kabati la kioo karibu na kamba, na chini yake kadi imeandikwa: Pandu, Shujaa, Namba 77. Kamati imeundwa kujadili maziko. Ina wajumbe kumi na tisa, na haijapata ukumbi.

Bi Zuwena hakugombana na mtu. Asubuhi iliyofuata alionekana penye mlingoti na ndoo ya maji, akamwagia chini yake polepole, kama walivyofanya mabibi zake. Akaja kesho yake, na kesho kutwa, mwezi, mwaka. Wizara ikafurahi mno. Akapewa cheti cha Raia Mwaminifu kwa Bendera, akapigwa picha akiwa na ndoo yake, na picha hiyo imo katika kitabu cha uraia cha darasa la nne.

Mlinzi wa jukwaa ndiye pekee aliyeshangaa. "Bibi, bomba la maji liko hapa hapa. Kwa nini unahangaika kuchota mpaka baharini, na magoti hayo?"

"Mtoto huyu," akasema Bi Zuwena, "ametoka ng'ambo. Maji ya chumvi ndiyo yanayomkubali."

Juzi nilipita pale. Mlingoti kwa juu unameremeta. Kwa chini, pale maji yanapotuama, rangi nyeupe imebanduka kama ukoko. Nikainama, nikabonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama mpaka kwenye kucha.

Nikanyanyuka, nikajipangusa kutu, nikamwamkia Bi Zuwena aliyekuwa anakuja na ndoo yake. Magoti yake hayamwezi tena kila siku, kwa hiyo tumempangia wenzake sita. Zamu yangu ni Alhamisi.